Mazabodi ya zamani isiyo na kitabu: kuitambua, kupata mwongozo wake na BIOS yake

Kompyuta za 486 na Pentium, prosesa za enzi ya miaka ya 1990, bado zipo Tabora, hasa pale zinapoendesha kitu kingine: mashine ya karakana yenye kadi ya ISA (aina ya zamani ya sloti za kadi), kipimo cha maabara, programu ya hesabu ya DOS ambayo mwenye duka hataki kusikia habari ya kuiacha. Siku betri ikifa na mipangilio ikapotea, au prosesa ikitakiwa kubadilishwa, ndipo kitabu kinatafutwa, na hakipo. Mara nyingi hata kampuni yenyewe haipo. Abit iliacha kutengeneza mazabodi (bodi kuu za kompyuta) mwishoni mwa 2008. Intel ipo hadi leo, lakini Novemba 2019 iliondoa kwenye tovuti yake draiva za bodi zake za zamani na BIOS zake, yaani programu ya kuwashia iliyo kwenye chipu ya bodi.

Mafaili hayo bado yanapatikana kwingine. Kinachowakwamisha wengi ni kuingia mtandaoni kabla hawajajua bodi yao inaitwaje, wakaishia kupakua BIOS ya bodi inayofanana na yao. Bodi mbili zikifanana kwa sura hazijawa ndugu. Anza na tochi, bando baadaye.

Bodi inajitaja

Toa vumbi kwa brashi kavu ya rangi, inchi moja, yenye nywele laini. Usitumie kitambaa kibichi. Vumbi jekundu la kiangazi likilowa hugeuka tope na kujificha chini ya miguu ya chipu. Kisha laza tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya bodi, maandishi meupe yatajitokeza. Angalia kati ya sloti za PCI na ISA, ukingo wa karibu na ramu, pembe zote nne, halafu geuza uangalie mgongo. Piga picha za kutosha kwa simu, pamoja na za karibu za kila chipu kubwa.

Unachotafuta ni vitu viwili: jina la modeli na toleo lake. Gigabyte huandika modeli kama GA-6BXC na, mahali pengine kabisa, REV na namba. MSI huandika namba inayoanza na MS, mfano MS-6163, wakati kwenye boksi bodi hiyo hiyo iliitwa BX Master. Tafuta kwa namba, kisha kwa jina. Bodi za Intel huwa na stika ndogo yenye herufi AA, tarakimu sita, kistari na tarakimu tatu. Hiyo AA ndiyo kitambulisho chake, na tarakimu tatu za mwisho ndizo toleo.

Sasa maandishi yanayopoteza watu. 94V-0 si modeli. Ni daraja la plastiki ya bodi kutoshika moto, na limeandikwa kwenye mamilioni ya bodi. Namba inayoanza na E kando yake ni ya kiwanda kilichotengeneza ubao mtupu. Jina kubwa kuliko yote, VIA au SiS au Intel, mara nyingi ni la chipuseti, yaani chipu kuu zinazounganisha prosesa na sehemu nyingine za bodi. Stika yenye American Megatrends (AMI) au Award ni ya kampuni iliyoandika BIOS. Tarakimu nne kama 9832 kwenye chipu kwa kawaida ni mwaka na wiki, yaani wiki ya 32 ya 1998. Hiyo haikupi jina, ila inakuambia bodi haiwezi kuwa ya 1996.

Ukikuta FCC ID, namba ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iandike. Herufi tatu za mwanzo ni za kampuni iliyoombewa kibali Marekani, na zinatafutika kwenye tovuti ya FCC.

Bodi za PCChips zinahitaji subira ya peke yake. Ziliuzwa kwa majina mengi, nyingine bila jina kabisa, na majina ya chipuseti zao yalifutwa na kubandikwa ya kujitungia. TXPro II, kwa mfano, inasikika kama Intel 430TX lakini ndani ni SiS 5598. Tafuta herufi M na tarakimu tatu, kama M571, zilizochapwa kwenye bodi. Hizo ndizo za kuaminika.

Andiko la chini ya skrini

Kama bodi inawaka, washa na ubonyeze Pause kabla ramu haijamaliza kuhesabiwa. Chini kushoto kuna mstari mrefu ambao watu huupita. Kwenye Award unaanza na tarehe, unafuata chipuseti, unaishia na kundi kama 2A59IG0CC-00. Herufi tano za mwanzo ni chipuseti: 2A59I ni Intel 430TX, 2A59F ni 430HX, 2A69K ni 440BX. Mbili zinazofuata ni kampuni: A0 ni Asus, A1 Abit, B0 Biostar, D4 DFI, E1 ECS, G0 Gigabyte, M4 MSI, S2 Soyo. Kwa hiyo mfano wetu ni bodi ya Gigabyte yenye 430TX, na hatujafungua hata kasha.

AMI hutumia namba zilizotenganishwa kwa vistari. Katika kundi la tatu soma tarakimu nne za mwisho: 1131 ni Elitegroup, 1199 Gigabyte, 1437 ndiyo hiyo PCChips chini ya jina Hsing Tech. Nakili mstari wote jinsi ulivyo. Ukiutafuta mtandaoni ndani ya alama za kunukuu, mara nyingi unapata bodi moja tu.

Skrini ikipita haraka mno na una DOS au Windows 98, andika `debug`, kisha `d f000:fff5 l8`, utaona tarehe ya BIOS. Toka kwa `q`. Kwenye Windows XP fungua regedit uende HKEY_LOCAL_MACHINE, HARDWARE, DESCRIPTION, System. Humo mna SystemBiosDate na SystemBiosVersion.

Toleo lina maana

Asus P2B ni mfano mzuri. Chukua mbili, jina lilelile, chipuseti ileile ya 440BX. Karibu na sloti ya prosesa kuna chipu ndogo ya kudhibiti volti. Moja imeandikwa HIP6019CB, nyingine HIP6019BCB. Ya kwanza haishuki chini ya volti 1.8, ya pili inafika 1.3. Pentium III ya Coppermine inataka kama 1.65. Kwenye ile ya kwanza hutaipatia volti hiyo hata BIOS iwe mpya kiasi gani, na herufi B moja ndiyo tofauti yote. Ndiyo maana picha ya karibu inahitajika.

Kwa MSI, namba MS-6330 ilibeba K7T Pro na K7T Turbo, na toleo ndilo linalozitenganisha. BIOS ya moja si ya nyingine.

Mahali pa kutafuta

The Retro Web ndiyo ya kwanza. Ni hazina ya bodi za zamani yenye picha, BIOS, miongozo na draiva. Uzuri wake ni kwamba unaweza kutafuta bila jina: weka aina ya soketi, chipuseti, idadi ya sloti za ISA, PCI na AGP, idadi ya sloti za ramu. Bodi yenye ISA tatu, PCI nne, SIMM nne, DIMM mbili (aina mbili za sloti za ramu) na chipuseti inayojulikana hubakiza orodha fupi, na hapo unalinganisha picha. Linganisha mahali soketi ya BIOS ilipo na jinsi kapasita zilivyopangwa kuzunguka prosesa. Rangi ya bodi si ushahidi.

Kwa 386 na 486 tafuta TH99, yaani Total Hardware 1999. Ina michoro ya jampa (vifuniko vidogo vinavyounganisha pini ili kupanga bodi) ya bodi nyingi sana kwenye kurasa nyepesi, inafunguka hata kwa mtandao wa kusuasua. Michoro yake ina makosa hapa na pale, kwa hiyo ilinganishe na maandishi ya bodi kabla ya kuwasha.

Tovuti za kampuni zilizokufa zimehifadhiwa na Internet Archive kwenye Wayback Machine. Usihangaike kubofya kurasa za zamani, nyingi zimevunjika. Andika anwani ya kampuni ikifuatiwa na nyota, mfano `abit.com.tw/*`, upate orodha ya mafaili yote yaliyonaswa, kisha chuja kwa `zip` au kwa modeli yako. Kilichokuwa kwenye seva za FTP mara nyingi hakikunaswa. Hapo jaribu Internet Archive yenyewe, sehemu ya programu, ambako watu wamepakia CD za draiva zilizokuja na mazabodi. Mwongozo huwa humo ndani kwenye folda ya manual.

Kwa bando usiogope. Faili la BIOS ya zama hizo ni kilobaiti 64 hadi 512, mwongozo ni megabaiti chache. CD nzima ndiyo inafika megabaiti 650, hiyo isubiri bando la usiku. Na ukubwa huo huo ni kipimo cha utapeli: tovuti ikikupa "BIOS" ya megabaiti 30 inayojifungua kwa .exe na kutaka uweke kwanza programu ya kupakulia, funga. Mafaili ya .exe ya kweli ya wakati ule yapo, lakini ni ya kilobaiti mia chache na yanajifungua kwenye DOS.

Kompyuta za Dell, Compaq, HP na Packard Bell zitafute kwa modeli ya kasha pia. Bodi inaweza kuwa imetengenezwa na Intel au mwingine, lakini BIOS ni ya mwenye chapa, na programu ya kuandikia hukataa faili la mtengenezaji wa bodi. Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina hatari nyingine: plagi ya pawa saplai inafanana na ATX ya kawaida lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukichomeka ya kawaida, bodi inaungua.

Mwongozo ukipatikana, anza na volti

Kwa bodi za Soketi 7, ukurasa wenye thamani kuliko zote ni wa jampa. Pentium ya kawaida hutumia volti 3.3, Pentium MMX 2.8, AMD K6-2 nyingi 2.2. AMD huandika volti juu ya prosesa yenyewe, isome kabla ya kuweka mafuta ya kupitisha joto. Prosesa ya 2.2 ikiwekwa kwenye 3.3 haikupi nafasi ya pili.

Jampa za kuzidisha, zinazopanga kasi ya prosesa, zina kiini macho chake. Mpangilio wa 1.5 husomwa na Pentium MMX 233 kama 3.5, na ule wa 2 husomwa na K6-2 za baadaye kama 6. Kwa hiyo mwongozo wa 1996 usiotaja 3.5 haumaanishi bodi haiwezi. Volti ndiyo inayoamua.

Bodi za AT zina plagi mbili za umeme, P8 na P9. Nyaya nyeusi zikutane katikati.

Soma chipu kabla ya kuandika chochote

BIOS iliyomo sasa, hata kama ina kasoro, ndiyo pekee unayojua kwamba ni ya bodi hii. Inakiliwe kwanza. Kama bodi inawaka na BIOS ni ya Award, AWDFLASH, programu yake ya kuandikia BIOS, inafanya hivyo bila kuandika:

`awdflash bios.bin zamani.bin /pn /sy`

Hapo /pn inakataza kuandika na /sy inahifadhi ya zamani kwenye zamani.bin.

Kama haiwaki, chomoa chipu. Ya safu mbili za miguu, yaani DIP, inue kwa bisibisi bapa, kidogo upande huu, kidogo upande ule, huku ukikumbuka mwelekeo wa tundu lake la ukingoni. Ya karibu mraba, PLCC ya miguu 32, inahitaji kijikoleo. Kisipopatikana, nyoosha vibanio viwili vya karatasi, kunja ncha milimita moja, ingiza kwenye nafasi za pembe mbili za soketi na uvute sawasawa. Bisibisi huvunja soketi hizo.

Chini ya stika kuna namba ya chipu. 27C512 ni kilobaiti 64, yaani baiti 65,536. Inayoishia 010 au 011 ni baiti 131,072. 020 au 002 ni 262,144. 040 au 004 ni 524,288. Faili la BIOS lazima lilingane na mojawapo, baiti kwa baiti. Likipungua au kuzidi hata baiti moja, limeharibika wakati wa kupakua au ni la chipu nyingine.

Tahadhari ya stika: chipu yenye kidirisha cha kioo, kama 27C512 ya kawaida, hufutwa kwa mwanga. Jua kali la moja kwa moja laweza kuifuta kwa takriban wiki moja. Ukibandua stika, funika kioo kwa utepe mweusi siku hiyo hiyo, na usianike bodi uani eti ikauke.

Kifaa cha kusomea ni programa. Ile ya bei ndogo ya CH341A imejaa madukani, lakini ni ya chipu ndogo za miguu minane za familia ya 24 na 25 tu. Kwa BIOS za miaka ya 1990 haina kazi. Agiza TL866II Plus au T48, pamoja na adapta ya PLCC32. Kariakoo ikikosa, itabidi kuagiza nje, kwa hiyo mafundi wawili watatu wakichanga moja inatosha mji mzima.

Soma chipu mara mbili, hifadhi mafaili mawili, yalinganishe kwa `fc /b moja.bin mbili.bin`. Yakitofautiana, safisha miguu kwa spiriti ya duka la dawa na urudie. Kisha angalia baiti 16 za mwisho kwenye programu ya kuonyesha heksi. Kwenye BIOS nyingi za Award na AMI utaona EA 5B E0 00 F0 ikifuatiwa na tarehe iliyoandikwa wazi. Ukiona FF tupu, hujasoma kitu.

Kuandika BIOS mpya

Kwanza jiulize kama inahitajika. Sababu ya kawaida ni diski kuu (hard disk): BIOS nyingi za Award za kabla ya katikati ya 1999 huganda zikiona diski inayozidi gigabaiti 32, na nyingine za mapema zaidi hukwama kwenye 8.4 au hata megabaiti 504. Kwa mashine ya DOS, kadi ya CF (CompactFlash) ya gigabaiti 4 yenye adapta ya IDE inamaliza shida nyingi bila kugusa BIOS. Zile za megabaiti 504 zisaidie kwa XTIDE Universal BIOS, programu inayoongeza uwezo wa kusoma diski kubwa, iliyochomwa kwenye chipu ya kadi ya mtandao yenye soketi ya ROM.

Kama bado unaihitaji, umeme ndio adui wa kwanza. Kuandika huchukua chini ya dakika moja, na ukikatika katikati bodi haiwaki tena. Tumia UPS yenye betri nzima, na wakati wa masika ya radi subiri mvua ipite.

Tengeneza flopi ya kuwashia kwa `format a: /s` kwenye Windows 98, weka AWDFLASH na faili. Flopi za leo ni nzee, zikague kwa `fc /b` baada ya kunakili. Washa kwa Shift+F5 ili HIMEM na EMM386, programu za kusimamia ramu, zisipakiwe; zikiwepo, programu hukataa au, mbaya zaidi, huganda njiani. Kama inasema haiwezi kuandika, tafuta jampa ya kuzuia kuandika au kipengele cha Flash Write Protect ndani ya BIOS. AMI hutumia AMIFLASH, Phoenix hutumia PHLASH, usizichanganye.

Ikitokea kosa katikati, usizime. Andika tena ile zamani.bin papo hapo. Ikishazimwa, kuna tundu moja dogo la kupitia: sehemu ya kuwashia ya Award huwa haifutwi na husoma flopi yenye AUTOEXEC.BAT inayoita AWDFLASH, ila kwenye bodi nyingi huonyesha picha kwa kadi ya ISA tu, kwa hiyo utafanya kazi gizani. AMI husoma faili lenye jina AMIBOOT.ROM ukishikilia Ctrl na Home wakati wa kuwasha. Yote yakishindikana, programa.

Ukimaliza, futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio) kwa jampa yake, weka CR2032 mpya, ingia kwenye BIOS na uchague Load Setup Defaults. Kama bodi ina betri ya pipa ya Ni-Cd ya volti 3.6 iliyoanza kuvuja rangi ya kijani, ikate leo, si kesho. Maji yake ni ya alkali: pitisha siki nyeupe kwa mswaki, kisha spiriti, ukaushe kivulini.

Chapisha ukurasa wa jampa, uandike juu yake modeli, toleo na tarehe ya BIOS, uubandike ndani ya mfuniko wa kasha. Mafaili weka kwenye flashi mbili, na kama bodi yako haimo The Retro Web, watumie picha na ile BIOS uliyoisoma.